Viti vya vinili kwenye gari la zamani: kivuli, dawa au kava? Ulinganisho kwa sisi wa Tabora

Injini ya Peugeot 504 ikifa Tabora, haijafa kweli. Ringi zitapatikana, beringi zitapatikana, gasketi itapanda basi kutoka Dar es Salaam, na fundi ataifungulia chini ya mti na kuirudisha barabarani. Kiti chake cha kiwandani kikipasuka ni habari nyingine. Ile leza ya plastiki, yaani vinili, yenye vinyweleo vya kuiga ngozi, na mistari iliyobanwa kwa joto badala ya kushonwa, haikai dukani ikikusubiri. Fundi wa viti atakuwekea leza mpya, tena nzuri, lakini haitafanana na ya zamani, na anayeyajua magari hayo ataiona tofauti akiwa bado yuko nje ya dirisha.

Ndiyo maana wenye 504, Land Rover Series III, Datsun na Volkswagen za mgongo wa kobe hawaishi kubishana namna ya kuvilinda viti vyao. Mmoja anapaka dawa mpaka abiria anateleza. Mwingine amevivalisha siti kava tangu gari liingie uani na hakumbuki tena rangi iliyo chini. Wa tatu anaegesha chini ya mwembe, mengine anamwachia Mungu. Nimeziweka njia hizi ubavu kwa ubavu nikifikiria jua na vumbi la Tabora; pale ambapo mtu wa Kigoma anatakiwa kuchagua vingine, nitasema. Asiye na muda achukue hili: kivuli ndicho cha kwanza, maji na sabuni ya pili, dawa isiyoacha mafuta ya tatu, na siti kava liachiwe gari la kazi. Anayetaka sababu, tuendelee.

Kinachokiua kiti

Vinili ya kiti na lile bomba gumu la maji lililopita ukutani kwako ni plastiki moja, PVC. Kinachovitofautisha ni kilainishi, kimiminika kizito cha mafuta-mafuta kinachochanganywa kiwandani ili plastiki ile ngumu ikubali kukunjwa na kubandikwa juu ya kitambaa. Kilainishi hicho hakikufungwa na plastiki. Kimekaa tu katikati yake, na kikipata nafasi kinatoka. Joto linakiharakisha. Mafuta yakikaa juu ya kiti yanakivuta. Jua nalo linaivunja plastiki yenyewe kuanzia juu. Mwisho uso wa kiti unakakamaa, na siku moja mtu anakaa kama alivyokaa siku zote na mstari wa mbele unafunguka.

Ule utando wa mafuta unaojitokeza ndani ya kioo cha mbele, ambao ukiufuta kwa kitambaa kikavu unasambaa tu, kwa sehemu ni kilainishi hicho hicho. Kimetoka kwenye dashibodi na viti kikiwa mvuke, kikaganda kwenye kioo. Ukiuona kila wiki, jua gari lako linapikwa mahali linapolala au linaposhinda.

Kabla hujanunua chochote, pima. Piga magoti nje ya mlango wa dereva, ingiza mkono chini ya kiti na utafute ile leza iliyokunjwa kwa ndani na kushikizwa kwenye fremu. Sehemu hiyo haijaliona jua tangu gari litoke kiwandani. Ifinye kwa vidole viwili: itakunjika na kurudi. Sasa nenda kwenye ukingo wa juu wa mgongo wa kiti, upande wa dirisha, ufinye vilevile. Ikikunjika kwa uvivu na kuacha vimistari vyembamba vyenye weupe, kilainishi kimepungua. Ikigoma kabisa na kutoa mlio mkavu, achana na kuifinya, utaipasua mwenyewe. Tofauti unayoisikia kati ya sehemu hizo mbili ndiyo hasara iliyokwisha kupatikana, na hakuna chupa inayoirudisha. Maneno ya "inalisha leza" yanayoandikwa kwenye makopo yanaifaa ngozi ya mnyama. Vinili haili kitu.

Jambo la mwisho kabla ya kulinganisha ni joto lenyewe. Gari lililofungwa juani hupanda nyuzi 20 au zaidi juu ya joto la nje ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya kupanda huko hutokea nusu saa ya kwanza. Kwa hiyo ile "naingia sokoni mara moja tu" inatosha sana. Oktoba, mvua ikiwa bado haijaanza na joto la Tabora limefika nyuzi 32 au 33, ndani ya gari mnazungumzia zaidi ya 50, na dashibodi nyeusi iliyopigwa na jua moja kwa moja inapita hapo kwa mbali. Kuacha kioo wazi kidogo kunasaidia kidogo mno, na vumbi linaingia lote.

Kivuli kwa kivuli

Mji wetu una bahati ya miembe, na kwa upande wa viti peke yake mwembe uliokomaa unalishinda banda la mabati lililojengwa chini chini. Majani yanakata jua bila kuhifadhi joto, na hewa inapita. Lawama zote za mwembe ni za rangi ya gari: utomvu, maua, vinyesi vya ndege na popo, kisha msimu ukifika embe lenyewe, ambalo likitua kwenye boneti ya Volkswagen linaacha alama ya kudumu. Mwenye gari aamue anachokipenda zaidi, rangi au viti. Halafu kivuli cha mti kinahama. Asubuhi kiko magharibi ya shina, alasiri kiko mashariki yake. Anayeegesha saa sita mchana na kuondoka jioni aliweke gari upande wa mashariki ya shina, hata kama wakati anafika pana jua kidogo.

Banda la mabati linakinga jua na mvua kwa uhakika ambao mti hauwezi. Kosa linalofanywa na wengi ni kulijenga fupi, bati likawa mkono mmoja tu juu ya paa la gari. Bati hilo saa nane mchana linamwaga joto chini na gari linapikwa kivulini. Liinue hadi mtu mrefu aweze kunyoosha mkono asiliguse, na uache upepo upite. Ukiwa na fedha ya kuta mbili tu, zijenge mashariki na magharibi, maana ndiko jua linakoingilia likiwa chini. Paa la nyasi ni la baridi kuliko bati, lakini nyasi zina panya, na panya wakigundua viti vya Volkswagen ya zamani, ambavyo ndani vimejazwa nyuzi za nazi au manyoya yaliyoshikizwa kwa mpira badala ya sponji, wamepata nyumba.

Turubai ni la bei nafuu kuliko vyote, na ndilo linalotumika vibaya kuliko vyote. Watu wanalilaza juu ya gari. Upepo wa Juni hadi Agosti unalipigapiga, vumbi lililo katikati linasugua rangi, na joto linabaki chini. Simamisha nguzo nne, lifunge juu likiwa limeinuka, na turubai lile lile linageuka kuwa banda. Ujue tu kwamba yale ya bluu ya kawaida nayo yanaliwa na jua. Ukiona limeanza kutoa nyuzi nyuzi na mwanga unapenya, limekwisha.

Kava la kufunika gari zima linafaa Tabora wakati wa kiangazi, mradi liwe la kitambaa kinachopumua na gari liwe limeoshwa kabla ya kulifunika. Kigoma ningelikataa. Karibu na ziwa hewa ina unyevu, na kava la nailoni linaufungia ndani. Matokeo yake ni madoa ya kuvu kwenye mishono, meusi au ya waridi, yanayoota juu ya jasho na uchafu na hata juu ya kilainishi chenyewe. Mtu wa Kigoma atafute paa na hewa, hata kama paa ni dogo.

Kile kizuia jua cha kukunja kinachowekwa nyuma ya kioo cha mbele, au boksi la katoni ulilolivalisha karatasi ya kung'aa, kinaiokoa dashibodi na sehemu ya viti vya mbele. Hakifanyi lolote kwa jua la madirisha ya pembeni. Kwa bei yake hakuna sababu ya kukosa kuwa nacho.

Kuna kinga nyingine ambayo haiuzwi, nayo ni upande unaoelekezea gari. Tabora iko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta. Kuanzia Mei hadi Agosti jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukielekeza kioo cha mbele kusini, dashibodi inapumzika siku nzima. Mwanzoni mwa Oktoba na mapema Machi jua la saa sita linasimama utosini, linapiga paa, na hapo hatari ni asubuhi na jioni, linapochomoza karibu mashariki kamili na kuzama karibu magharibi kamili. Siku hizo gari linaloangalia kaskazini au kusini linapigwa kwenye milango, na linaloangalia mashariki au magharibi linapigwa kwenye kioo cha mbele na cha nyuma. Kama una kizuia jua, elekeza kioo cha mbele magharibi mchana ukianza kuinama, kwa sababu jua la alasiri linakuta gari limeshapata joto.

Na kuna shuka. Shuka kuukuu la pamba, jeupe au lililochujuka rangi zote, likikunjwa mara mbili na kutandazwa juu ya viti kila unapoegesha, linafanya kazi ambayo dawa nyingi za chupa haziifikii. Halimpendezi mtu, na ndiyo sababu pekee ninayoiona ya watu kutolitumia.

Dawa zinazopakwa

Hapa ndipo fedha nyingi inapopotea. Zipo za aina mbili dukani, na aina ya tatu iko jikoni kwako.

Ya kwanza ni ile ya kung'arisha yenye mafuta ya silikoni, inayouzwa kwenye vituo vya mafuta na kupakwa na vijana wa kuosha magari hata kabla hujawaambia. Faida yake inaonekana papo hapo, na ni hiyo tu. Kiti kinateleza, jambo la hatari kwenye njia ya vumbi yenye makorongo. Utando wake unakamata vumbi jekundu, vumbi linageuka tope jembamba ndani ya vinyweleo vya leza, na kila anayekaa analisugua. Siku ukitaka fundi abandike au apake rangi sehemu iliyochubuka, gundi na rangi vitakataa kushika kwa sababu silikoni bado ipo. Tena viti vya Land Rover na Peugeot vilipotoka kiwandani havikuwa vinang'aa. Vilikuwa na mwanga uliotulia. Anayelipamba gari la zamani kwa mng'ao huo analiondolea sura yake halisi. Kwenye usukani na pedali dawa hii isiguse kabisa.

Ya pili ni dawa iliyotengenezwa kwa maji, nyingi nyeupe kama maziwa mepesi. Hii nayo inaweza kuwa na silikoni ndani, lakini inakauka na haiachi utelezi. Tafuta chupa ambayo maandishi yake yanataja wazi kinga ya mionzi ya jua, UV. Isiyotaja, ichukulie kwamba haina. Inapakwa kidogo kwenye kitambaa, si kunyunyizwa kwenye kiti, kisha inafutwa kwa kitambaa kingine kikavu. Baada ya dakika kumi bandika karatasi nyepesi ya chooni juu ya kiti na uikandamize kwa kiganja: ikitoka kavu umepaka vizuri, ikitoka na doa umezidisha. Kasoro yake ni kwamba haidumu. Kinga inaisha kwa jua na kwa kukaliwa, kwa hiyo unarudia kila baada ya wiki chache wakati wa kiangazi. Mjini kwetu mara nyingi lazima uiagize, wakati ile ya mafuta iko kila kona. Ukiweza kuisubiri, isubiri.

Ya jikoni ina ukoo mrefu: mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, gliserini, na kwa ndugu zetu wa Kigoma hata mawese. Hoja yake inaonekana ya akili, kwamba kiti kimekauka, basi kipewe mafuta. Lakini kilainishi cha PVC kinapenda kuhamia kwenye mafuta. Ndiyo sababu ile ile inayofanya watu waonywe wasifunge vyakula vya mafuta kwenye plastiki laini ya PVC, na ndiyo sababu pale kichwa chenye mafuta ya nywele kinapoegemea, na pale mkono wenye jasho unapolala kwenye mlango, leza inakakamaa kabla ya sehemu nyingine. Ukipaka mafuta ya nazi, kiti kinalainika kwa kugusa siku mbili, huku ndani kinaibiwa. Baada ya hapo mafuta yanachacha na gari linanuka.

Nilisimama siku moja kwa fundi wa viti maeneo ya Isevya, mzee mmoja alipoleta kiti cha mbele cha Land Rover begani mwa kijana wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kimeachia hapa mbele, nitazamie."

Fundi alikigeuza, akakinusa, akacheka kidogo. "Mzee wangu, hiki mmekipaka mafuta ya nazi."

"Mama yako nyumbani ndiye alisema kinakauka. Umejuaje?"

"Uzi, mzee. Leza inaweza kunidanganya, uzi hauwezi." Akauchokonoa mshono kwa ncha ya sindano na kuuvuta. Ulitoka mweusi, umelowa, umevaa vumbi jekundu mwili mzima, na ulikatika mkononi mwake bila hata mlio. Sehemu iliyokuwa imefunikwa na mkunjo, sentimita chache tu pembeni, uzi ulikuwa bado mweupe na ulimkatalia.

Nta ya nyuki ina hadhi yake hapa, maana asali na nta vimeupa mkoa huu jina. Kwenye viatu na mbao sina ubishi nayo. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kiwango ambacho dashibodi nyeusi juani inaweza kukifikia, hivyo mchana inatiririkia kwenye mishono na usiku inaganda humo pamoja na vumbi. Iache kwenye viatu.

Neno kidogo kwa wenye Mercedes W123, zile za 1976 hadi 1985. Viti ambavyo wengi wanaapa ni vya ngozi mara nyingi ni MB-Tex, yaani vinili, nene na yenye uvumilivu wa ajabu. Krimu ya ngozi mnayoinunua kwa bei kubwa inakaa juu tu. Vioshwe kwa maji na sabuni.

Sabuni au thina

Hakuna ushindani, ila lazima lisemwe kwa sababu thina, petroli na spiriti vinatumika kila siku kutoa madoa. Vyote vinatoa doa na kilainishi kwa pamoja. Unaona pamesafika, kumbe umekausha duara. Vitakasa mikono vilivyotapakaa wakati wa korona vilifanya kazi hiyo hiyo kwenye viti na usukani wa magari mengi, kwa sababu ya pombe iliyomo. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe inafubaza rangi na kudhoofisha uzi.

Njia inayofaa ni ya kizamani. Ondoa vumbi kwanza kwa brashi laini, kwa maana vumbi letu ni mchanga mwembamba na ukilifuta kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuliondoa unasugua kiti kwa msasa. Kisha maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya maji, kidogo, kwa mswaki kuukuu ukifuata vinyweleo na mistari. Futa kwa kitambaa chenye maji safi mara mbili, maana sabuni iliyobaki inavuta uchafu, halafu kausha. Usimwagie maji. Yakipenya kwenye mishono yanaloweka sponji na kuozesha nyuzi, na fremu inaota kutu kwa ndani bila wewe kujua. Gari la kutembelea tu mwisho wa wiki linahitaji hivi mara moja kwa mwezi. Kiti cha dereva wa kazi kila wiki, hasa pale anapoegemeza kichwa.

Kufunika kiti au kukiacha wazi

Siti kava la kitambaa cha pamba kinachofuliwa ndilo bora kwa gari linalobeba watu na mizigo. Linapokea jasho, mafuta ya nywele, vifungo vya suruali na jua. Ubaya wake unaanza pale linapoachwa miezi bila kufuliwa, vumbi likachujika na kutua chini yake, na kila mtu anayekaa akawa analisaga dhidi ya leza uliyokusudia kuilinda.

Kava la nailoni la kung'aa, na ile plastiki angavu ambayo wengine waliacha kuitoa tangu kiti kilipotoka kwa fundi, ni mbaya kuliko kukiacha kiti wazi. Plastiki juu ya plastiki kwenye joto zinagandana, jasho halina pa kwenda, na kilainishi kinahamia kutoka moja kwenda nyingine. Kava lenye mgongo wa raba ili lisiteleze linaweza kuacha madoa ya njano au kahawia ambayo hayaoshwi, kwa sababu kemikali za raba zimeingia ndani ya vinili. Mikeka ya raba sakafuni inafanya vivyo hivyo ukiigusisha na leza ya chini ya kiti.

Kitenge na khanga vinapendeza, na mama wa nyumbani atakushauri hivyo. Sikiliza, ila kwanza vifuliwe mara kadhaa mpaka maji yatoke meupe. Rangi mpya yenye jasho juu ya kiti cha rangi ya maziwa au kijivu inahamia kwenye vinili na kukaa humo. Hata jinzi mpya inafanya hivyo.

Kuna wanaomwambia fundi avalishe leza mpya juu ya ile ya zamani, ibaki "imehifadhiwa" chini. Fikra si mbaya kama atashona kava la kuvua, lenye kitambaa cha pamba kwa ndani na kamba za kufunga chini. Akipiga gundi na vibanio kwenye kiti cha asili, hukuhifadhi kitu.

Utando wa vioo

Kioo cha kawaida kinazuia sehemu ya mionzi mikali ya jua na kupitisha nyingine nyingi. Kioo cha mbele cha magari ya sasa kina vipande viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati, na utando huo unazuia karibu mionzi yote ya UV. Magari mengi ya Ulaya ya miaka ya 1960 na 1970 yalikuja na kioo cha kipande kimoja, kile kinachosambaratika punje punje, kwa hiyo hata mbele kinga hiyo haipo. Siku ukibadilisha kioo cha mbele, ulizia cha tabaka mbili. Kwa pembeni upo utando mwangavu usiotia giza ambao unachuja UV. Huo unalifaa gari la zamani kuliko tinti nyeusi, maana sura ya gari haibadiliki na usiku unaona. Tinti nyeusi ya bei rahisi inapunguza mwanga machoni, lakini wingi wa giza haukuambii chochote juu ya UV, na ikianza kuwa zambarau na kutoa mapovu itakutia kazi ya kuibandua.

Ningechagua nini, kwa gari lipi

Land Rover inayotoka Tabora kwenda Sikonge au Urambo na kurudi na magunia, ningeivalisha kava la pamba zito, seti mbili ili moja ifuliwe nyingine ikiwa kazini, na nisingenunua dawa yoyote. Fedha ya dawa ingekwenda kwenye nguzo na mabati ya banda.

Gari la Jumapili na harusi, lenye viti vya kiwandani ambavyo bado vinakunjika ukivifinya, lisivae kava kabisa likiwa linatembea. Likae bandani, litandikwe shuka likiegeshwa, lioshwe kwa sabuni na lipakwe dawa ya maji yenye kinga ya UV kuanzia Mei hadi mvua zinapoanza. Hilo ndilo gari pekee ambalo dawa inalipa.

Gari linaloshinda nje ya ofisi siku nzima halina mti wala paa. Hapo kizuia jua cha mbele, shuka, na utando mwangavu wa pembeni, kwa mpangilio huo huo kadiri fedha inavyopatikana. Kigoma mjini ningeongeza kufungua milango yote jioni moja kwa wiki wakati wa masika ili hewa ipite chini ya viti, na kukagua mishono kwa tochi.

Kwa kiti ambacho tayari kimepasuka kwa urefu wa kidole, mambo yote ya juu hayatakifunga. Usikibandike kwa gundi ya haraka wala kwa selotepu, vyote vinakakamaza ukingo na ufa unakimbilia mbele. Mpelekee fundi mapema, na kabla hajaenda sokoni kutafuta leza inayokaribiana, mwombe afungue mgongo wa kiti cha nyuma au ule mkunjo wa chini uliokuwa unaufinya. Mara nyingi kuna kipande cha kutosha cha leza ile ile ya kiwandani, laini, yenye rangi yake ya kwanza, ambacho kinaweza kuhamishiwa mbele kwa kutiwa kitambaa nyuma ya ufa. Leza ya sokoni ndiyo ikae kule nyuma, ambako hakuna anayetazama.